Kuku Wetu Hawali Nyama

Wacha nianze na upuzi wangu mwenyewe kabla mtu mwingine hajausimulia vibaya. Nikiwa Gredi ya Nane niliwafungia kuku wote wa mathe, mama yangu, ndani ya kibanda, nikawanyima kila kitu isipokuwa mahindi, kisha nikachukua ubao, nikaandika kwa rangi ya mlango iliyobaki, MAYAI SAFI, KUKU WETU HAWALI NYAMA, nikaupigilia kwenye geti. Sikupima nafasi vizuri, kwa hivyo neno la mwisho lilijikunja pembeni likawa dogo kama siafu, na mtu akiwa mbali alisoma tu kwamba kuku wetu hawali. Watu wa boda walikuwa wakifika pale wanapunguza mwendo kuniuliza, "Brayo, hao kuku wako kwa maombi ya kufunga?" Nami ninawajibu kwamba ndiyo, wanawaombea nyinyi mpate breki. Mdomo haukuwahi kunipungukia. Kilichonipungukia mwaka huo ni mtu wa kuusikia.

Nayaandika haya nikiwa shule ya bweni, sasa niko Gredi ya Kumi, kwa sababu ya habari niliyoletewa siku ya wazazi. Mathe alikuja na chapati zilizofungwa kwa gazeti, ndengu kwenye mkebe wa aiskrimu, na uso wa mtu aliyebeba jambo. Tulikaa kwenye nyasi kama familia zingine zote. Nilipokuwa katikati ya chapati ya pili akasema, "Depu amekufa."

"Nani amemuua?"

"Hakuna mtu. Alilala, hakuamka. Yule alikuwa shosho amezeeka, Brayo."

"Na mkamfanya nini?"

"Tukamzika. Nyuma ya choo, pale kwa nyasi za nepia."

"Mathe. Sisi ni Waluhya, kuku sisi hula. Tumeanza lini kuzika kuku?"

Alicheka mpaka akashika mbavu, wazazi wa wenzangu wakageuka kutuangalia, na mimi nikacheka pamoja naye maana hiyo ndiyo kazi yangu. Depu alikuwa kuku. Nilimpa jina la naibu wa mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani kwa sababu wote wawili walitembea polepole, kifua mbele, wakitafuta mtu wa kudonoa. Mathe alipoondoka nilienda nyuma ya mabafu, na rafiki yangu wa kitanda cha juu aliponiuliza nafanya nini huko, nikamwambia nimefuata jua. Jua halikuwa upande ule hata kidogo.

Mwaka ule tulikaa Rongai, ile ya upande wa Salgaa, kwenye ploti ndogo iliyo karibu na maghala ya mahindi, nyumba ya mabati ya chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande mmoja wa pazia ulikuwa wa mathe na mwingine ulikuwa wangu na wa Anko Wafula, ndugu yake mdogo, ambaye alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye moja ya yale maghala. Nikisema tulikaa watatu naongeza chumvi. Mathe alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye hoteli ya madereva wa malori kule Mai Mahiu, chini ya mteremko, na alikuja nyumbani wakipenda kumpa nafasi, na hawakupenda. Anko naye aliondoka jua likizama, akarudi nikivaa viatu vya shule. Tulikutana mlangoni. "Umekula?" ananiuliza. "Nimekula. Umelala?" "Nalala sasa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba yetu, asubuhi baada ya asubuhi, na nikirudi jioni nakuta amefunika ugali wake nusu chini ya sufuria, amevaa koti, anatafuta tochi. Tulikuwa kama watu wa zamu mbili wanaogawana kitanda kimoja. Upande wa mathe sikuugusa. Ndala zake zilikuwa chini ya kitanda, moja imeegemea nyingine, na nilikuwa nafagia nikizizunguka, kana kwamba mwenyewe amekaa hapo juu ameinua miguu.

Siku aliyoondoka nilimsindikiza mpaka stage ya matatu. Alikuwa na begi moja na mwiko wake wa ugali umechomoza nje kama mkia, maana alisema hawezi kupika na mwiko wa watu. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kumuaga, kitu kuhusu madereva wa malori na choo za petroli stesheni, lakini sikuutoa. Akanitazama. Akasema, "Brayo, sikiza. Hao kuku wakitaga vizuri, watu wakizoea mayai yetu, mimi naachana na kazi ya watu. Narudi hapa, nafungua kibanda changu hapo kwa geti."

"Lini?"

"Wakitaga vizuri."

"Basi nitawaongelesha kama mabosi."

Akanipangusa uso kwa ncha ya leso, ilhali naapa hakukuwa na kitu. Kisha akaenda. Na mimi nikarudi nyumbani nikisema moyoni, wakitaga vizuri, wakitaga vizuri, kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Ukweli ni kwamba kuku ndio walionitunza mimi miezi ile ya kwanza. Walikuwa wanatembea ovyo kwenye ploti yote, wanapekua mavi ya ng'ombe wa jirani, wanafukua chini ya kuni, wanaingia kwenye nepia na kutoka na vitu midomoni ambavyo sikuwahi kuviangalia kwa makini. Nilikuwa nimewapa wote majina ya walimu. Kulikuwa na Madam Hesabu, mnene, aliyekuwa haridhiki na chochote. Kulikuwa na Bursa, ambaye ukimkaribia anajikusanya kama anaficha kitu. Jogoo aliitwa Mkuu, kelele nyingi na kazi kidogo. Nikipika jioni walikuja mlangoni mmoja mmoja. Nilikaa kwenye kizingiti na sahani magotini, ugali na sukuma, wakati mwingine ugali na chumvi, na Depu anavuta kamba za viatu vyangu, ananiangalia kwa jicho moja, anageuza kichwa ananiangalia kwa lingine, kama anayesahihisha insha yangu na hajaamua. Niliwapigia hadithi za shule. Niliwaigizia mwalimu wa zamu akianguka kwenye matope. Kuku hawacheki, lakini pia hawaangalii simu ukiongea, na hawaondoki jua likizama kwenda kulinda magunia.

Mathe alipiga simu Jumapili jioni. Nilikuwa nangoja nimekaa upande wangu wa pazia na simu ndogo ya vitufe ya Anko, aliyokuwa ananiachia siku hiyo tu. Alianza kila mara vizuri, umekula nini, uniform iko safi, kuku wako aje, halafu mtu anaita huko nyuma na yeye anasema, "Shikilia kidogo baba," na kuiweka simu juu ya meza ya kaunta bila kukata. Hapo ndipo nilipoijua ile hoteli. Sikuwahi kuingia, lakini ningeweza kukuchorea. Kulikuwa na mlango uliolia ukifunguliwa, sufuria kubwa iliyogongwa na kijiko kikubwa, malori yakishusha pumzi nje. Kulikuwa na dereva mmoja mwenye sauti nzito ambaye kila Jumapili alilalamikia supu.

"Mathe, hii supu ilipita karibu na ng'ombe, ama ilionyeshwa picha yake?"

"Kunywa na ushukuru," anajibu mama yangu. "Ng'ombe mwenyewe alikuwa kama wewe, sauti tupu."

Hoteli nzima inaangua kicheko. Na mimi kule Rongai, peke yangu kitandani, nacheka pia, kicheko kinagonga mabati na kunirudia. Ndipo nilipojua nilikotoa mdomo wangu. Nyumbani hakuwahi kuwa mcheshi hivyo, ama labda alikuwa na nikadhani ni mimi. Niliona wivu juu ya watu ambao sikuwahi kuwaona, watu waliokuwa wanamsikia mama yangu kila jioni kwa bei ya chai na mandazi. Akirudi kwenye simu alikuwa amechoka tayari. "Kuku wanataga?" "Wanataga." "Vizuri. Lala mapema." Nami nikajihesabia kwamba tunakaribia.

Kwa sababu walikuwa wanataga kweli. Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Purity, jirani, mwanamke wa kwaya na mwenye kuamua maoni ya mtaa mzima. Akinunua kwako, wamama wote wa kwaya wananunua kwako. Alikuja Jumamosi na trei yake, akasimama hapo uani akinisubiri nihesabu, na saa hiyo hiyo Depu akatoka chini ya rundo la kuni na panya mdomoni. Si panya wa kusingizia. Mkia ulikuwa unaning'inia. Wenzake walimwona, wakamwandama, Depu akakata kona kama mchezaji wa raga, Madam Hesabu akamkaba, Mkuu akapiga kelele za refa, na wote wakapita katikati ya miguu ya Mama Purity, ambaye alipaa juu na trei yake akatua kwa wimbo.

"Yesu! Kuku anakula panya?"

"Mama Purity, yai ni la kuku. Panya ni lanchi yake tu."

"Shindwe! Hao si kuku, hao ni mwewe! Na umekuwa ukinilisha mayai ya panya na mimi ni mtu wa presha!" Akarudisha mayai moja moja kwenye kikapu kama mtu anayeshika makaa. "Kuku ni wa mahindi. Mungu alimuumba kwa mahindi. Sasa sikiza nikuambie, kijana, kuku akishaonja nyama amezoea damu. Kesho atakula vifaranga. Kesho kutwa wataanza kulana wao kwa wao. Utaona."

Niliogopa, na si kwa ajili ya panya. Niliona kwaya yote ikitoka kwenye geti letu na nyuma yao mathe akirudi ndani ya hoteli ile, mlango ukilia. Ningemuuliza nani? Anko alikuwa analala. Kitabu changu cha kilimo kilikuwa na picha ya kuku mweupe amesimama mbele ya punje za mahindi, safi kama mtu wa tangazo, hakuna mende wala panya popote. Hata mimi mwenyewe, ukiniuliza siku hiyo kuku anakula nini, ningekujibu mahindi, na nilikuwa nawaona kila jioni wakimeza vitu vyenye miguu. Ni ajabu vile mtu anaweza kuangalia kitu kila siku na kuamini picha. Nikauliza, "Nikiwafungia niwape mahindi tu, utarudi?" Mama Purity akatengeneza kitambaa chake. "Wakisafika," akasema, "tutaona." Mahindi hayakuwa tatizo. Anko alikuwa anaruhusiwa kufagia yale yanayomwagika sakafuni mwa ghala na kuja nayo kwenye gunia.

Basi nikawafungia. Nilipiga waya juu ya kila tundu la kibanda, nikaziba chini kwa mawe ili hata siafu asipite. Nikaandika ule ubao. Na kwa muda mfupi nilikuwa mfalme. Mama Purity alikuja, akachungulia, akaona kuku wamekaa mstari mbele ya mahindi kama kwenye kitabu, akasema, "Sasa hawa ni kuku wa Kikristo." Kwaya ikarudi. Nilimwambia mathe kwenye simu, nikiwa na haraka kabla hajaitwa, "Nimewafungia ndani, nawapa mahindi matupu, watu wanapenda!" Lakini mtu alikuwa anapasua kuni hapo karibu naye na mwingine anadai chenji. "Vizuri baba," akasema. "Endelea hivyo." Nikaendelea hivyo.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni jioni. Nilikaa kwenye kizingiti na sahani yangu, na hakuna aliyekuja. Kamba za viatu vyangu zilikaa zimefungwa. Kule kibandani walikuwa wanaguna, ile sauti ya watu waliochelewa kwenye foleni, na nikiwapigia hadithi kutoka mbali nilijisikia kama mhubiri wa sokoni. Nilianza kula ndani, na redio. Kisha nikaanza kula nimesimama. Anko alinikuta mara moja nimesimama mbele ya jiko nakula kutoka kwenye sufuria, akaniuliza kuna nini, nikamwambia nafanya mazoezi ya harusi za watu. Alicheka kidogo akaenda kazini.

Kisha Madam Hesabu akaanza kukosa nguo. Kwanza manyoya ya mkia, halafu ya mgongo, mpaka akabaki na ngozi nyekundu kama mtu aliyeungua jua. Nilidhani ni ugonjwa. Nikakaa kuchunguza, nikaona Bursa anamsogelea taratibu, anachagua unyoya, anauvuta, anaumeza. Anaumeza! Na mahindi yako hapo miguuni. Mayai nayo yakapungua, ganda likawa laini kama karatasi, na asubuhi nikikuta kiini cha njano kwenye midomo yao nikajua wameanza kula hata yale machache. Nilimuuliza mtu wa boda, akasema dawa ni moja tu, toboa yai, jaza pilipili, watashika adabu. Nilijaza pilipili kichaa za Anko, zile ambazo yeye mwenyewe hula akitokwa na machozi. Nikaweka, nikarudi nyuma, nikangoja kelele. Madam Hesabu alionja, akatulia, akawaita wenzake. Walikula mpaka ganda, wakaniangalia kama wateja wanaongoja sahani ya pili. Nimesoma baadaye kwamba ndege hasikii ukali wa pilipili kabisa, mdomo wake haujui habari hiyo. Siku hiyo sikujua. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimewawekea kachumbari.

Maneno ya Mama Purity yalikuwa yametimia, wanalana wao kwa wao, na nilikuwa nimewanyima nyama ili yasitimie. Sikuliona hilo. Nilidhani sijawanyima vya kutosha. Nilikuwa nalala nikiwaza labda kuna panya mmoja anapenya.

Aliyenifungua macho ni Depu, na hakuwa na nia. Alitoroka. Nilipofungua mlango kuweka maji alinipita juu ya bega kama mtu aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani, akaingia kwenye nepia, na sikumshika tena. Nilimtafuta kwa nguvu, maana Mama Purity akimwona nje tumekwisha, lakini alinijua mbinu zote. Nilikuwa namwona asubuhi akipekua mavi ya ng'ombe, anapiga hatua moja nyuma, anakagua, anameza. Viwavi. Mende. Kichwa cha mjusi. Majani mabichi pia, na mchanga, na kitu kimoja kirefu ambacho bado sijui kilikuwa nini. Baada ya muda alianza kung'aa. Manyoya yake yalikuwa meusi kama buti la askari, kilemba chekundu, na ndani ya nepia nikakuta kiota chake na mayai yenye ganda gumu mpaka ukiligonga linajibu. Na kule ndani wenzake walikuwa uchi. Hata mimi mwenye alama mbaya za kilimo niliweza kusoma hayo.

Lakini ningefanyaje? Nikiwafungua watapona, na Mama Purity ataona, na kwaya itaondoka, na mathe atabaki Mai Mahiu. Nikiwafunga kwaya itabaki, ila hakuna mayai ya kuwauzia, na mathe atabaki Mai Mahiu. Nilizunguka hapo kama punda wa kinu. Mwishowe nikageuka mfanyabiashara wa magendo. Jioni, watu wakiwa kwenye chakula, nilitambaa kwenye nyasi na mkebe wa maziwa nikishika panzi. Nilibomoa kichuguu nyuma ya ghala, nikabeba mchwa kwenye kofia yangu ya shule. Nikapitisha mzigo chini ya mabati, upande wa nyuma ambao Mama Purity haoni, nikinong'ona, "Msipige kelele, mkishikwa simjui mtu." Walirukiana kwa mzigo ule mpaka Bursa akamkanyaga Mkuu. Na ulikuwa mdogo mno. Mkebe mmoja wa panzi kwa kibanda kizima cha kuku wenye njaa ni kama kuwapitishia picha ya supu. Asubuhi moja nilikuta kuku mmoja mdogo, ambaye sikuwa hata nimempa jina, amelala pembeni, na sitaandika walivyokuwa wamemfanya. Nilimwambia Anko ni kanu, yule paka-mwitu anayeiba kuku. Anko alimtazama, akanitazama mimi, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Umemwambia mamako?"

"Nitamwambia Jumapili."

Jumapili mathe aliuliza kuku wako aje, na kabla sijafungua mdomo akasema shikilia kidogo baba. Nikashikilia. Dereva wa supu alikuwa akisimulia jinsi alivyokwama Salgaa, na mathe anamwambia lori lake lipelekwe kwa mganga. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha.

Alikuja likizo ya Agosti bila kusema. Nilikuwa nyuma nafua, nikasikia geti likifunguliwa. Nikatoka na povu mikononi, nikamkuta mama yangu amesimama na begi lake chini, anasoma ubao. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alifika neno la mwisho, akainama kulisoma vizuri. Kisha akaenda kibandani bila kunisalimia, akachungulia, na mgongo wake ukashuka.

"Nani amewanyoa?"

"Wamenyoana."

"Tangu lini?"

Akachomoa ule waya wangu kwa mikono, waya uleule niliousokota kwa koleo na kujisifu, akaupiga mlango teke. Kuku hawakutoka. Walisimama hapo mlangoni wakipepesa macho kama watu waliotoka sinema mchana. Mathe akaenda kwenye rundo la kuni, akapindua gogo kubwa la chini kabisa, lililooza, na ardhi yote chini yake ikatembea. Basi wakaja. Madam Hesabu alikuja mbele, nusu uchi, mbio kama ametajiwa mshahara. Na Mama Purity, ambaye huwa na kipaji cha kufika, akafika saa hiyo na trei yake, mjusi akakurupuka, Madam Hesabu akamdaka mbele ya viatu vyake vya kanisani.

"Si nilisema!" akalia Mama Purity. "Mama Brayo, si nilimwambia huyu kijana! Wameshazoea damu!"

"Mama Purity, karibu. Nikuulize. Kuku wa nyanyako walikuwa wanakula nini?"

"Mahindi!"

"Nani alikuwa anawapa? Nyinyi wenyewe mlikuwa mnalala njaa, umewahi kunihadithia kwa kwaya. Mkiwapa kuku mahindi?"

Mama Purity akafikiri. Nilimwona akirudi mbali, uani kwa nyanyake. "Walikuwa wanajitafutia," akasema polepole.

"Wapi?"

"Kwa... kwa boma ya ng'ombe." Akashusha trei. "Lakini wanasema wakionja nyama wanaanza kulana."

Mathe akamnyooshea Madam Hesabu, mgongo mwekundu, mkia wa mjusi ukimalizikia mdomoni. "Huyu ni miezi hajaonja. Mwangalie. Kuku ni ndege wa kupekua, mama. Anakula kila kitu kisichomshinda mbio. Ukimpa mahindi pekee ni kama mimi nikupe ugali bila mboga mwaka mzima, utaanza kuniangalia mkono."

Depu akatoka kwenye nepia, akiwa amenona na kung'aa, akapita katikati yao bila kumsalimia mtu. Mama Purity akamfuata kwa macho. "Na huyo," akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kitu haramu, "huyo anataga?" Akaondoka na mayai ya Depu kwenye kitambaa. Wakati wa kutoka aling'oa ubao wetu mwenyewe, akasema utampasua mtu kichwa.

Jioni mathe alipika. Alikuwa amerudi na ule mwiko wake, na chumba kikawa na mvuke, na pazia lilikuwa limefunguliwa pande zote mbili kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Anko alichelewa kazini kwa makusudi ili ale nasi, akaondoka akijipangusa mdomo. Kuku walikuwa mlangoni, wale walionyonyoka na wale waliobakia na vipande vya manyoya, wananyang'anyana makombo. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na sahani. Nilimwangalia mama yangu akigeuza ugali na nikaona kwamba mambo yote yalikuwa yamenyooka. Kuku watapona. Mama Purity amekubali hata mijusi. Kwaya itanunua. Hakukuwa na kitu kilichobaki njiani. Nilitaka kulisema kwa mzaha lakini likatoka wazi, sauti ikikatika katikati kama ya jogoo mdogo.

"Kwa hivyo wakianza kutaga vizuri tena, utarudi mwezi gani?"

Hakugeuka. Alipiga ugali, akaufunika, akazima jiko, akakaa kitandani mwake, akavaa zile ndala. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimejaribu kuyafanya yachekeshe tangu siku hiyo na bado yananishinda.

"Brayo, hata wakitaga mpaka mayai yakose pa kuwekwa, mimi kesho kutwa narudi Mai Mahiu. Hayo maneno ya stage nilikuambia tu ndio usilie mbele ya watu. Ningejua utafunga kuku wangu jela juu yangu, ningekuacha ulie."